Shule Imfuate Mtoto

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni elimu ya watoto wenye ulemavu. Tunasema nanyi mlio Ramisi na Msambweni, Gazi na Diani, Lunga Lunga hata Vanga. Tunasema na mama anayepika huku akisikiliza, na baba aliyeketi barazani baada ya kazi. Huenda katika nyumba yenu, au nyumba ya pili, yupo mtoto ambaye wageni wakija huingizwa chumba cha nyuma. Mazungumzo haya ni kwa ajili yake.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, twasoma habari za mtu aliyezaliwa hali haoni. Wanafunzi walipomwona hawakuuliza jina lake, wala hawakuuliza kama amekula. Waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Basi, ndugu, jibu hilo tunalo kwa karibu miaka elfu mbili, na bado swali lile lile twalisikia vijijini mwetu. Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, watu husema mama alivunja mwiko. Mtoto akichelewa kusema, watu hunong'ona kwamba ukoo una laana, au kwamba kuna jirani mwenye jicho baya. Mama hubebeshwa mzigo ambao si wake, na mtoto hufichwa.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Kwale, wanaijua habari ya Abdullah ibn Umm Maktum, mtu asiyeona aliyekuwa akiadhini Madina katika siku za Mtume wao. Hakuna aliyemficha chumba cha nyuma. Kwa hiyo msikitini na kanisani pia tumekwisha kufundishwa. Kilichobaki ni kutenda.

Hata lugha yetu imekwisha kutufundisha. Maneno ya zamani, kipofu, kiziwi, kiwete, yamewekwa katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikapu. Ndiyo sababu wengi siku hizi hupenda kusema mtu asiyeona, au mtu mwenye ulemavu wa viungo. Ingawa hivyo, sikilizeni vizuri. Hakuna Mswahili asemaye, "Kipofu kimekuja." Twasema, "Kipofu amekuja." Jina limewekwa pamoja na vitu, lakini kitendo chakiri kwamba huyu ni mtu. Wazee wetu walilijua hilo katika kusema kwao. Swali ni kama twalijua katika kumpeleka shule.

Sasa twende katika historia, maana ina mafundisho.

Kwa muda mrefu sana watu waliamini kwamba asiyeona hawezi kusoma. Mwaka 1785, mjini Paris huko Ufaransa, Valentin Haüy alifungua shule ya watoto wasioona, akawafundisha kusoma herufi kubwa zilizoinuliwa juu ya karatasi. Katika shule hiyo aliingia kijana mmoja, Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho akichezea chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akapofuka kabisa. Kufikia mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa amebuni maandishi ya nukta sita, tatu upande huu na tatu upande huu. Kwa nukta hizo sita mtu huandika herufi zote, na hesabu, na hata muziki. Mwenye kuandika kwa kibao na msumari wake huanza kulia kwenda kushoto, kama wazee wetu wa Pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kisha huigeuza karatasi na kuisoma kwa vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Angalieni, ndugu: chombo chenye ncha ndicho kilichompofusha, na chombo chenye ncha ndicho kilichompa kusoma. Aliyefungua njia hiyo alikuwa mwanafunzi mwenyewe asiyeona.

Hapa kwetu Pwani kanisa lilikutana na upofu mapema. Johannes Rebmann, mmishonari aliyeuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, alikaa Rabai mpaka macho yake yakaisha nguvu. Alipoondoka mwaka 1875 aliongozana na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mzee wa Ulaya aliyekuja kuonyesha njia akaondoka akionyeshwa njia na kijana wa Kirabai. Lakini shule ya watoto wasioona haikuwako hapa siku hizo, wala kwa miaka 70 iliyofuata.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoleta mwanzo. Askari wa Kiafrika walirudi makwao wengine wakiwa wamepofuka, na Jeshi la Wokovu likaanza kazi ya kuwasaidia. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa shule ya Thika mwaka 1946, shule ya kwanza ya wasioona katika Afrika Mashariki. Mwaka 1950 Waanglikana walifungua Buigiri, karibu na Dodoma, huko Tanganyika. Uganda ikapata shule ya Madera, Soroti, mwaka 1955, kwa mikono ya Wakatoliki. Hapa Kenya, Wakatoliki wakajenga Mtakatifu Lusia huko Egoji, Meru, na Mtakatifu Oda huko Aluor, Nyanza. Mwaka 1956 Chama cha Wasioona cha Kenya kilianzishwa kwa sheria.

Viziwi walingoja zaidi. Chama cha kuwasaidia watoto viziwi kiliundwa mwaka 1958, na mwaka 1961 shule za Nyang'oma na Mumias zikafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jeshi la Wokovu lilifungua Joytown, Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, wengi wao waliopigwa na polio. Watoto wenye ulemavu wa akili walikuwa wa mwisho kukumbukwa. Shule ya Jacaranda ya Nairobi ni miongoni mwa zile za kwanza kuwafungulia mlango.

Twashukuru kwa kazi hiyo, maana ilifanywa wakati ambapo serikali ya kikoloni haikuiona kuwa deni lake. Lakini tazameni ramani. Thika, Meru, Mumias, Bondo. Mtoto wa Ramisi afanyeje?

Hebu tumfikirie mtoto wa siku hizo. Ramisi ilikuwa mahali pa kazi. Kiwanda cha sukari kilianza katika miaka ya 1920, na mashamba ya miwa yakawaleta watu wengi kukaa pamoja na Wadigo wenyeji: Wakamba, Wajaluo, Waluhya, na Wamakonde waliotoka Msumbiji. Katika kambi za wafanyakazi watoto walizaliwa, wakakua, wakaugua. Ukambi uliweza kumwacha mtoto bila macho. Homa ya uti wa mgongo iliweza kuchukua masikio. Malaria iliyopanda kichwani iliweza kumwacha na degedege na ulimi mzito. Baba alikuwa mkata miwa. Ili mtoto wake asiyeona apate kusoma, ilimpasa kumpeleka yapata kilomita 60 hadi Likoni, kuvuka kwa feri, kupanda gari la moshi usiku kucha mpaka Nairobi, kisha kuendelea hadi Thika. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 500. Nauli ilikuwa wapi? Na mama angemwachilia nani mtoto wa miaka saba asiyeona, aende mahali ambapo hakuna ajuaye Kidigo?

Basi wengi hawakwenda. Na wachache waliokwenda walilipa kwa namna nyingine. Mtoto akikaa bwenini miezi mitatu mitatu, mwaka baada ya mwaka, hupata elimu, lakini nyumbani huwa mgeni. Ndugu zake hawajui kuandika nukta zake wala kusema kwa mikono yake. Akirudi likizo huketi kando, akihudumiwa kwa heshima kama mtu wa kupita tu. Hatusemi hivyo kuzilaumu shule hizo. Bila shule hizo asingepata lolote. Twasema hivyo ili ieleweke kwamba mwanzoni mtoto ndiye aliyeifuata shule, na mwenye miguu dhaifu ndiye aliyepewa safari ndefu.

Uhuru ulipopatikana, mambo yalianza kugeuka pole pole. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilisema kwamba watoto wenye ulemavu mdogo wasomee katika shule za kawaida pamoja na wenzao. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilichunguza hali ya watu wenye ulemavu nchini, na kutokana na kazi yake serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 5 wa mwaka 1968. Hapo serikali ilianza kukiri kwamba jambo hili si sadaka ya makanisa peke yake. Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ilisisitiza kwamba ulemavu utambuliwe mapema, mtoto angali mdogo. Nasi wa Pwani tukasogezewa shule: wasioona Likoni, wenye ulemavu wa viungo Port Reitz, viziwi Ziwani mjini Mombasa, na baadaye hapa Kwale penyewe. Safari ya kilomita 500 ikapungua.

Lakini umbali si wa barabara tu. Ngojeni tuwaeleze habari ya viziwi.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba viziwi wafundishwe kwa mdomo, na ishara za mikono ziondolewe darasani. Walioamua hivyo, karibu wote walikuwa watu wasikiao. Uamuzi huo ulisafiri dunia nzima, ukafika hata shule zetu. Kwa miaka mingi watoto viziwi wa Kenya waliketi wakitazama midomo ya mwalimu na kukisia, wakakatazwa kutumia mikono. Darasani waliambulia kidogo. Walisemezana usiku, bwenini, kwa ishara walizorithishana wao kwa wao. Hapo mtoto alikuwa amefika shuleni kwa miguu yake, lakini shule yenyewe ilikuwa bado haijamfikia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ishara ziliporuhusiwa kurudi darasani, na Katiba ya mwaka 2010 ikaipa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa heshima, hata ikawa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha iliyokatazwa darasani leo ni lugha ya kutunga sheria.

Turudi katika miaka ile ya 1980, maana ndiyo iliyoleta badiliko kubwa. Rais Moi aliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa walemavu nchini, na Umoja wa Mataifa ukafanya hivyo kwa dunia nzima mwaka 1981. Nyimbo ziliimbwa na michango ikatolewa. Lakini kazi iliyodumu ilifanywa kimya kimya. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, serikali ilianza kufungua vituo vya kuwapima watoto, vikaenea wilayani. Kazi ya kituo ni hii: mzazi humleta mtoto, mwalimu aliyefunzwa humpima masikio, macho, viungo na ufahamu, kisha hukaa na mzazi na kumweleza. Huyu anahitaji kukaa dawati la mbele tu. Huyu anahitaji miwani. Huyu atafaa katika darasa maalum lililo ndani ya shule ya kawaida. Huyu anahitaji shule ya bweni. Mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, mjini Nairobi, ili walimu wafunzwe hapa nchini, na baadaye hata kwa masomo ya mbali wakiwa kazini vijijini kwao.

Mwaona tofauti? Hapo kwanza jengo lilisimama Thika likimngoja mtoto. Sasa maarifa yalianza kutembea kumtafuta mtoto alipo. Hatuoni badiliko lingine katika historia hii yote lililo kubwa kuliko hilo. Kutoka kuuliza, "Mtoto huyu ana kosa gani?" tulifika kuuliza, "Ni kitu gani kinachomzuia mtoto huyu, nacho kiondolewe vipi?"

Sheria nazo zikafuata. Mwaka 2003 ilipita Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na mwaka huo huo ada ya shule za msingi ikaondolewa. Mwaka 2008 Kenya ilitia sahihi ya mwisho katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu. Na kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, mzazi asiyempeleka mtoto shuleni amevunja sheria, na mtoto mwenye ulemavu yumo katika hesabu hiyo.

Je, kazi imekwisha? La, ndugu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu. Lakini karani wa sensa huandika aliloambiwa mlangoni. Mtoto ambaye baba hakumtaja, hayumo. Asiyehesabiwa hawezi kupangiwa mwalimu, wala kitabu, wala kiti cha magurudumu.

Sisi wa Ramisi twalijua jambo hili kuliko wengi. Jirani zetu Wamakonde waliishi kati yetu miaka mingi, wakakata miwa na mkonge, wakazaa na kuzika hapa, na serikali haikuwa na majina yao. Kiwanda cha sukari kikafungwa mwaka 1988, nao wakabaki bila kazi na bila kitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, na ndipo walipoandikishwa kuwa raia. Waliweza kwa sababu walikuwa na miguu ya kutembea na midomo ya kujieleza. Mtoto aliye chumba cha nyuma hana safari hiyo. Asipoandikiwa hata cheti cha kuzaliwa, atatembea na nani mpaka Ikulu?

Ndiyo maana twasema kwamba umbali uliobaki sasa ni mfupi kuliko wote, nao ni mgumu kuliko wote: kutoka kwenye mkeka wa mtoto mpaka mlango wa nyumba. Umbali huo hausafiriwi na serikali wala na Wadenmark. Ni wetu sisi, wazazi, babu na nyanya, shangazi na jirani.

Basi tufanye nini? Tuanze na kutazama. Mtoto mchanga asiyeshtuka mlango unapobamizwa, mtoto wa miezi kadhaa asiyefuata kwa macho uso wa mama yake, mtoto ambaye shingo haikai wenzake wakiwa wamekwisha kuketi: huyo apelekwe hospitali mapema. Wakati huo huo ofisi ya elimu iulizwe kituo cha kuwapima watoto kiko wapi. Asiambiwe mama, "Ngoja, atakua tu." Tuhakikishe amepata chanjo zote, maana polio na ukambi vyazuiwa. Tumwandikishe cheti.

Kisha tutazame shuleni kwetu. Ngazi tatu za saruji mbele ya darasa ni ukuta kwa mtoto wa kiti cha magurudumu. Fundi mmoja na mifuko michache ya saruji huziondoa. Choo chenye mlango mwembamba humfukuza msichana kuliko hesabu ngumu. Wanafunzi wakijifunza ishara 50 tu, mtoto kiziwi hapati upweke wakati wa mapumziko. Na kanisani, je? Tunaye anayetafsiri mahubiri kwa mikono? Au kiziwi huja kuketi tu, akatutazama tukifungua na kufunga midomo?

Wala tusidhani kwamba kila mtoto lazima asome katika shule ya kawaida. Wako wanaohitaji shule maalum, na mzazi anayempeleka mtoto wake bweni la Likoni au la Kwale hajamtupa. Lakini amtembelee siku ya wazazi. Ajifunze nukta zake, ajifunze ishara zake, ili mtoto arudipo likizo akute kwao ni kwao.

Tumalize na habari iliyo katika kitabu cha pili cha Samweli. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano mlezi wake alipokimbia naye wakati wa hatari, akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Hakukosa yeye, hata mlezi alikuwa akijaribu kumwokoa. Akakulia mbali, Lo-debari, katika nyumba ya watu. Daudi alipokuwa mfalme aliuliza kama yuko aliyebaki wa nyumba ile. Alipoambiwa yuko, tena ni kiwete, hakusema aje mwenyewe kama aweza. Alituma watu wakamlete, akamkalisha mezani pake, siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Mezani, ndugu, miguu haionekani. Huonekana uso.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa watoto tuliowaficha. Uwabariki walimu wanaowatafuta. Utupe nguvu ya kufungua mlango mmoja, ule wa nyumba yetu, na miguu ya kwenda hadi ule wa jirani. Amina.